Waliulizwa Akina Nani? Wasomi, Tume za Serikali na Mashamba ya Rumonge



Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya ziwani, ukapita Kabezi, ukapita Magara, unafika Rumonge kwenye michikichi. Mgeni anaona mawese tu. Sisi wa pwani hii tunajua kwamba mashamba mengi pale yana hadithi mbili: ya aliyelima kabla ya 1972, na ya aliyelima baadaye. Kila nchi ilipogeuka, serikali iliita wasomi, ikaunda tume, ikaomba ripoti, na bado hadithi hizo mbili hazijakaa meza moja. Leo nataka tuangalie nani aliulizwa, na aliulizwa nini.

Tuanze na 1972, maana bila mwaka huo hakuna kinachoeleweka. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na waasi wakaua Watutsi wengi. Serikali ya Micombero ikajibu kwa kuua Wahutu nchi nzima, kwa miezi. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kupita 200,000. Na waliotafutwa kwanza walikuwa waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, wanafunzi wa chuo kikuu cha Bujumbura waliochukuliwa na hawakurudi tena. Yaani serikali ilikuwa inaua wale wale ambao baadaye ingehitaji kuwauliza.

Sasa njoo 1988. Pierre Buyoya alikuwa ameshika madaraka Septemba 1987 kwa kumpindua Bagaza. Agosti 1988 yakatokea mauaji ya Ntega na Marangara, kaskazini. Watutsi waliuawa, kisha jeshi likaua Wahutu kwa maelfu, na makumi ya maelfu wakakimbilia Rwanda. Tarehe 22 Agosti wasomi 27 Wahutu wakamwandikia rais barua ya wazi. Walikataa maelezo ya serikali, wakadai uchunguzi, wakataka Wahutu waache kubaguliwa. Hawakutumwa na mtu, hawakulipwa. Baadhi yao wakafungwa, wengine wakakimbia nchi.

Halafu Oktoba, mwaka huo huo, serikali ikaunda tume ya taifa ya kuchunguza suala la umoja. Wajumbe 24: Wahutu 12, Watutsi 12. Kumbe swali lilikuwa halali! Kosa la wale 27 lilikuwa kuliuliza kabla ya serikali.

Tusiidharau tume ile. Wakati wa Bagaza hata kutamka maneno Hutu na Tutsi hadharani kulikuwa hatari. Tume ililileta jambo hilo mezani, ripoti yake ya 1989 ikajadiliwa vijijini na maofisini, na mwisho wake ukawa Mkataba wa Umoja uliopigiwa kura tarehe 5 Februari 1991, ukapita kwa karibu asilimia 89. Bila njia ile, pengine uchaguzi wa Juni 1993 usingefanyika. Lakini soma ripoti ilivyoeleza historia: zamani tulikuwa wamoja, mkoloni ndiye aliyetugawa. Kuna ukweli mkubwa ndani yake, Wabelgiji walifanya mengi. Ila 1972 haikuendeshwa na Mbelgiji. Hata watafiti wa nje walibishana vikali juu ya miaka ile, Jean-Pierre Chrétien upande huu, René Lemarchand upande ule, na kila mmoja akamwona mwenzake anaipindisha historia. Kama wanaosoma nyaraka miaka yote hawakubaliani, tume yenye miezi michache na rais anayesubiri ingefanya nini? Iliandika kile ambacho pande mbili zingeweza kutia saini. Hiyo ni kazi ya siasa. Ina faida yake, lakini utafiti ni kitu kingine.

Na kuna kundi zima lililokuwa ng'ambo. Mwaka 1985 na 1986, kabla tu ya mambo hayo, mwanaanthropolojia Liisa Malkki aliishi na wakimbizi wa 1972 katika makazi ya Mishamo na katika mji wa Kigoma. Kitabu chake kilitoka 1995. Aliona jambo la ajabu kidogo. Wa Mishamo, waliowekwa pamoja porini, walikuwa wanasimulia historia ya taifa lao kwa mpangilio mkali, nani mwenye nchi, nani mvamizi, kana kwamba wanafundisha darasa. Wa Kigoma mjini, waliojichanganya na wenyeji, wengi hawakutaka hata kujitambulisha kama wakimbizi. Watu ni wale wale, vita ni vile vile, lakini mahali unapouliza panabadilisha jibu. Nyinyi mnaozunguka na tableti na fomu, hapo pana somo la bure.

Ni ujuzi ambao ungeisaidia sana Bujumbura ya 1988, lakini mazungumzo yale ya umoja yalikuwa ya walio ndani.

Arusha napita haraka. Mwezeshaji alikuwa Mwalimu Nyerere hadi alipofariki Oktoba 1999, kisha Mandela. Kamati ya demokrasia na utawala bora iliongozwa na Nicholas Haysom, mwanasheria wa Afrika Kusini aliyetoka chuo kikuu akawa mshauri wa Mandela, kwa hiyo wasomi walikuwepo. Waliotia saini tarehe 28 Agosti 2000 walikuwa serikali, Bunge na vyama; wakimbizi hawakuwa upande wao wenyewe. Itifaki ya kwanza inasema historia ya Burundi iandikwe upya ili Warundi wote waielewe kwa namna moja. Mimi sentensi hiyo inanitia wasiwasi kila nikiisoma. Namna moja ya nani?

Mara ya kwanza wazee wetu kuulizwa rasmi, mmoja mmoja, ilikuwa 2007, na hawakuulizwa na serikali yao peke yake. Tanzania, Burundi na UNHCR walifanya sensa katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walihesabiwa watu wapatao 218,000, wakaulizwa: kurudi au uraia? Karibu asilimia 80 walitaka uraia wa Tanzania, karibu 20 walitaka kurudi. Kituo cha utafiti wa uhamaji wa kulazimishwa cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika utafiti wa kipindi kile, na ripoti aliyoitoa na wenzake 2008 kichwa chake kilikuwa swali lile lile la kwenda nyumbani au kubaki nyumbani. Kwa mtu aliyezaliwa Katumba, "nyumbani" ni wapi?

Maisha hayakuwa na visanduku viwili tu. Watu waliosema "uraia" walidhani wanabaki kwenye mashamba yao. Mpango ukasema waliopewa uraia, kama 162,000, wahame wakatawanywe mikoa mingine ya Tanzania. Vyeti vikakwama miaka. Vilianza kugawiwa 2014, baada ya sharti la kuhama kuachwa.

Na wale wa "kurudi"? Zaidi ya 50,000 walirudi, na wengi walielekea huku kusini. Wakakuta watu kwenye mashamba yao. Wengine waliokuta walipewa na serikali yenyewe baada ya 1972, wakalima kwa nia njema. Tena sheria ya ardhi ya 1986 ilisema anayekalia ardhi miaka 30, au 15 kwa nia njema, anaweza kuwa mwenyewe. Hesabu mwenyewe, 1972 ongeza 30. Mwanasheria aliyeandika mstari ule pengine alifikiria mipaka ya kawaida kati ya majirani, lakini Rumonge mstari ule ulisomwa kama hukumu.

Tume za ardhi tumekuwa nazo nyingi: ya Mandi 1977, nyingine 1991, nyingine 2002, kisha ile ya 2006 ambayo wote tunaijua kwa herufi zake, CNTB. Kwanza ilipendelea kugawana: nusu yako, nusu yangu, tuishi. Wasio na shamba kabisa wakawekwa kwenye vijiji vya amani kama Mutambara. Kuanzia 2011, chini ya Sérapion Bambonanire, mwelekeo ukageuka: shamba lirudi lote kwa aliyekimbia. Watu waliokuwa wamekwisha gawana na kupandiana mpaka wakaitwa tena. Tume ni ile ile, shamba ni lile lile, jibu jingine. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya ardhi na mali nyingine, na kesi zile zikawa na mlango mwingine wa kubisha.