Uhuru Angani: Kenya na Nyota Zinazokua kwa Kumeza

Usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, bendera ya Kenya ilipandishwa Lang'ata, mahali panapoitwa leo Bustani ya Uhuru. Miaka saba baadaye, tarehe iyo hiyo, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, baharini upande wa Malindi, ikibeba setilaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo NASA, aliiita Uhuru. Wapo wasemao kwamba Kenya ilitoa jina tu, kwa kuwa roketi ilikuwa ya Wamarekani na jukwaa la Waitaliano. Kuhusu vyombo wamesema kweli, ila wamesahau kwamba mahali penyewe palifanya kazi. Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia huiongezea roketi kasi bila kuchoma mafuta zaidi, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta huliepuka eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye nguvu huvuruga vipimo.

Kwa vipimo hivyo safi, timu ya Riccardo Giacconi iligundua kwamba chanzo cha eksirei, Centaurus X-3, hudunda kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku mbili hivi hujificha nyuma ya nyota kubwa inayoizunguka. Chanzo cha nguvu yake kikadhihirika: gesi ya jirani inavutwa, inaanguka, inapata moto mkali. Mtu atauliza masalia ya nyota iliyokufa, kama Centaurus X-3, yanahusu nini nyota changa zinazokua. Yanahusu sana, maana uvutano ni ule ule, na gesi inayozunguka haianguki moja kwa moja. Kwanza hutandaa kuwa sahani. Nyota changa kubwa zilileta fumbo la ziada: mwanga wake ni mkali kiasi cha kusukuma vumbi na gesi mbali, hata baadhi ya wanaastronomia wakadhani hukua kwa kugongana. Sahani ndiyo jibu lenye nguvu zaidi, kwa sababu gesi huingilia kiunoni huku mwanga ukitokea juu na chini. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba nyota changa S255IR NIRS 3, yenye uzito wa Jua mara 20 hivi, ilikuwa imewaka ghafla baada ya kumeza bonge la gesi.

Walimu wa fizikia wa kampasi ya Chiromo ya Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya wakifika kwenye somo hili, waanzie pwani yetu.