Mwotamoto, si Jupita ya Moto

Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipotimiza miaka 100, nchi nyingi zilipewa kila moja nyota na sayari yake zizipe majina. Tanzania ilipewa nyota iliyokuwa ikijulikana kwa nambari tu, WASP-71, katika kundinyota la Nyangumi. Nyota ikaitwa Mpingo, sayari ikaitwa Tanzanaiti. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa tunalipokea jina la kwanza kama la nyumbani, maana mpingo ni mti wa misitu yetu ya kusini, mti ambao gogo lake likitupwa majini huzama na kuni zake hutoa moto mkali kuliko kuni nyingine. Nyota ina jina la Kiswahili. Lakini aina ya sayari inayoizunguka imepachikwa jina ambalo siwezi kulinyamazia: Jupita ya Moto.

Msomaji anaifahamu aina hiyo. Ni jitu la gesi la ukoo wa Mshtarii lililo karibu mno na nyota yake. La kwanza kuthibitishwa kando ya nyota inayofanana na Jua letu lilitangazwa mwaka 1995 na Michel Mayor na Didier Queloz. Linaizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku 4 na ushei, nao wakatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Tanzanaiti yetu ina uzito unaozidi mara mbili ule wa Mshtarii, na mwaka wake hautimizi hata siku 3. Utaridi, iliyo jirani zaidi na Jua, huchukua siku 88.

Sasa tulitazame jina lenyewe. “Jupita” tunaikopa ya nini, ilhali mabaharia na wanajimu wa pwani walikuwa na Mshtarii karne nyingi? Neno hili ni la Kiarabu, na katika lugha hiyo linafanana kwa umbo na neno la mnunuzi, ambalo washairi wetu wanalijua kama mshitiri. Limekaa pamoja na Zuhura, Mirihi na Zohali, likaota mizizi. Waliolipuuza ni wale wale waliotuletea vitabu vinavyoiita Neptuni Kausi na Zohali Sarateni, ilhali Kausi ni upinde wa kundinyota la Mshale na Sarateni ni kundinyota la Kaa. Mtu anayechanganya sayari na buruji hana haki ya kutufundisha usahihi.

Kosa kubwa zaidi liko katika “ya moto”. Kiswahili kikisema kitu ni “cha moto” kwa namna hii, moto unaweza kuwa ndani ya kitu hicho au ndio asili yake. Reli iliyojengwa kuja Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 ilipitiwa na gari la moto, na wazee waliliita hivyo kwa kuwa tumbo la injini lilikuwa na moto. Ziwa la moto ni ziwa ambalo moto ndio maji yake. Mwanafunzi wa Ruangwa akisoma “Jupita ya Moto” anaweza kuelewa, na atakuwa na haki ya kuelewa, kwamba sayari hiyo inawaka. Haiwaki. Joto lake, linalokadiriwa kupita nyuzi 1,700 za Selsiasi kwa Tanzanaiti, linatoka nje, kwenye nyota.

Ndiyo maana napendekeza mwotamoto. Asubuhi za kipupwe, Juni na Julai, watu wa vijiji vyetu huota moto uani. Anayeota hawaki, amesogea karibu na kinachowaka. Tena hupata joto upande mmoja: kifua kinaungua, mgongo una baridi. Sayari hizi nazo ziko hivyo hivyo. Mvuto wa nyota umezifunga, upande mmoja unaitazama nyota daima na wa pili uko gizani daima. Mwaka 2024 vipimo vya darubini ya Webb kwa sayari WASP-43b vilionyesha upande wa mchana ukikaribia nyuzi 1,250 na wa usiku nyuzi 600. Neno moja, mwotamoto, limebeba ukaribu, chanzo cha joto na pande mbili. “Jupita ya Moto” imebeba joto peke yake, tena kwa upotofu.

Asili yake nayo ni safi. Wanaisimu wa Kibantu wanatuonyesha kwamba ota, moto na joto ni watoto wa mzizi mmoja wa kale. Kuota ndoto ni neno la ukoo mwingine lililopoteza konsonanti yake ya mwanzo. Konsonanti hiyo imesalia katika ndoto yenyewe. Kichewa bado kinayatenganisha: kuotha ni kuota moto, kulota ni kuota ndoto. Basi hoja ya mpinzani wangu mmoja, kwamba wasomaji watadhani sayari inaota ndoto, haina mguu wa kusimamia, kwa sababu moto umeunganishwa humo humo ndani ya neno. Na anayeona muungano huo ni mgeni aniambie anaitaje zimamoto, kipazasauti na mlariba.

Niliwasilisha pendekezo hili kwenye kikao cha istilahi ambacho sitakitaja. Jibu lilikuwa sentensi moja: neno ni la jikoni, wataalamu hawatalipokea. Sentensi hiyo imeniuma, na sioni sababu ya kuficha. Wajumbe wangefika Ruangwa wangekuta madini yanayotafutwa na viwanda vya betri duniani yakiitwa kinywe. Mchimbaji anasema kinywe, mtumishi wa halmashauri anasema kinywe, magazeti yanaandika kinywe, wala hakuna mtaalamu aliyeshindwa kazi kwa sababu hiyo. Istilahi haipati heshima kwa kuwa ngumu kutamka. Huipata kwa kusema kweli juu ya kitu inachokitaja.

Kuhusu matumizi: mwotamoto, wingi waotamoto, upatanisho wa A-WA, upande wa mchana uitwe kifua, wa usiku mgongo. Tanzanaiti ni mwotamoto wa nyota Mpingo. Sentensi hiyo haina neno ambalo mwanafunzi wa Nachingwea atahitaji kutafsiriwa, na kamusi itakayoliacha neno mwotamoto ikaendelea na Jupita ya Moto itakuwa imechagua kosa huku usahihi umewekwa mezani.