Elfu Mia Moja na Tano: Neno "Laki" na Hesabu za Njia ya Tabora

Mtafsiri akikuta katika hati maneno "elfu mia moja na tano", aandike tarakimu gani: 105,000 au 100,005? Sarufi yaruhusu zote mbili. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jambo hili si dogo, na kwamba sehemu ya dawa yake tulikwisha kuipata zamani katika biashara ya misafara.

Katika karne ya 19, Unyanyembe, penye Tabora ya leo, palikuwa njia panda. Njia itokayo Bagamoyo ilifika hapo, kisha ikagawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kufanya makazi. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua nguo na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Pembe zilipimwa kwa frasila. Nguo kwa mikono. Mikono minne ni shuka, na shuka mbili ni doti.

Basi tuchukue mfano wa nguo. Namba 105,000 ni shufwa, nayo yagawanyika kwa 8 bila baki: mikono 105,000 ni doti 13,125 kamili. Namba 100,005 ni witiri, haigawanyiki hata kwa 2: mikono 100,005 ni doti 12,500, na mikono mitano ikabaki. Tukizitenga katika vigawo tasa, ya kwanza ni 2×2×2×3×5×5×5×5×7. Ya pili ni 3×5×59×113. Vigawo tasa vya shirika ni 3 na 5 tu. Tofauti yao ni doti 624 na mikono mitatu. Mwandishi akikosea hapo, mtu amedhulumiwa.

Misafara hiyo iliendeshwa kwa mikopo ya Wahindi wa Unguja. Taria Topan, kwa mfano, alimkopesha Tippu Tip. Kwa biashara na Wahindi Kiswahili kilipata neno "laki", lenye asili ya Kisanskriti, maana yake 100,000. Neno hili latenganisha kile ambacho "elfu mia moja" huchanganya. Asemaye "laki moja na elfu tano" amesema 105,000, wala hapana shaka.

Hata hivyo yafaa tahadhari mbili. Kwanza, katika mazungumzo watu husema "laki na ishirini" wakikusudia 120,000. Katika hati neno "elfu" lisiachwe. Pili, kwa namba zilizo chini ya laki, kama "elfu ishirini na tano", neno hili halisaidii. Hapo hapana budi tarakimu ziandikwe kando ya maneno.

Wako wanaoliona "laki" kuwa neno la sokoni, wakalikwepa katika maandishi rasmi. Sisi twaona lastahili kubaki katika vitabu vya hesabu na katika hati za serikali, kwa kuwa latimiza kazi ya istilahi: kutaja kitu kimoja tu.