Njaa Iliyotutoa Visiwani



Katika ukumbusho huu twarudi kwenye swali tulilokuwa tukiulizwa mezani: kwa nini mliondoka kwenu? Wazee wetu wengi walijibu, "Njaa." Karani akaandika njaa, faili likafungwa. Maana Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 wataja hofu ya kuteswa kwa sababu tano: asili, dini, utaifa, kundi la jamii au siasa. Umaskini haumo.

Lakini njaa ile ilitoka wapi? Chula, Koyama na Chovai havikuwa visiwa vya njaa. Bahari ilitulisha, na kamba na papa tuliwauza. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, wenye bunduki walivuka wakachukua mashua, mashine na nyavu, kwa kuwa Mbajuni hakuwa na ukoo wenye silaha wa kumtetea. Mvuvi asiye na chombo hulala njaa, nani atakataa? Ndipo majahazi yakashuka Mombasa, wengi wetu tukapokewa kambi ya Jomvu.

Mwongozo wa UNHCR wa 1979, aya ya 63, wasema kabila likiharibiwa riziki yake kwa makusudi, watu wake waweza kuwa wakimbizi. Nao Mkataba wa OAU wa 1969 waongeza wanaokimbia fujo kubwa nchini. Haya hatukuyajua.

Mzee wetu mmoja, alipoulizwa mara ya pili, hakutaja njaa. Alitaja mashua yake, na waliokuja kuichukua.