Miaka Saba kwa Saa Moja: Sayansi ya Kuzeeka katika Filamu za Anga

Filamu za safari za anga hutumia njia tatu kumrudisha msafiri nyumbani akiwa bado kijana, huku aliowaacha wamezeeka au wamekufa. Ya kwanza ni mwendo: chombo hukimbia karibu sawa na mwanga, na saa iliyomo ndani yake huchelewa. Ya pili ni graviti: msafiri hukaa karibu na kitu chenye uzito mkubwa mno, na muda wake hupita taratibu kuliko wa walio mbali. Ya tatu ni usingizi: mwili hupozwa na kulazwa kwa miaka. Mbili za kwanza zimepimwa na kuthibitishwa na sayansi. Ya tatu haijawahi kufanywa kwa mwanaanga yeyote. Hata hivyo, kwenye sinema zote tatu huchanganywa kana kwamba ni kitu kimoja.

Chanzo cha hesabu

Mwaka 1905 Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alichapisha nadharia maalumu ya uhusianifu. Tangu enzi za Isaac Newton wanasayansi waliamini kwamba muda ni mmoja kwa wote na hupita sawasawa kila mahali. Einstein alionyesha kwamba kisichobadilika ni kasi ya mwanga, takriban kilomita 300,000 kwa sekunde. Muda wenyewe hutegemea mwendo wa anayeupima.

Katika mwendo wa kawaida tofauti hiyo haionekani, lakini hupanda kwa kasi kadiri chombo kinavyoukaribia mwanga. Kikienda kwa nusu ya kasi ya mwanga, mwaka mmoja chomboni ni sawa na mwaka mmoja na wiki nane duniani. Kwa asilimia 87 ni miaka miwili, kwa asilimia 99 ni miaka saba, na kwa asilimia 99.995 ni miaka 100.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo iliyotumiwa na mwanafizikia Mfaransa Paul Langevin mwaka 1911, alipohutubia kongamano la falsafa mjini Bologna, Italia. Alieleza habari za msafiri aliyefungiwa ndani ya kombora, akaenda mwaka mmoja na kurudi mwaka mmoja. Msafiri huyo angeshuka akiwa ameongeza miaka miwili tu, na kukuta duniani imepita miaka 200. Baadaye wengine waliigeuza simulizi hiyo kuwa ya mapacha wawili, mmoja akisafiri na mwingine akibaki, na hadi leo inajulikana kama fumbo la mapacha.

Fumbo liko hapa: ikiwa mwendo ni jambo la kulinganisha, kwa nini msafiri naye asidai kwamba yeye ametulia na dunia ndiyo iliyokwenda na kurudi? Jibu ni kwamba hali za mapacha hao hazilingani. Aliyesafiri alilazimika kusimamisha chombo, kukigeuza na kukiongeza tena mwendo, na mwili wake uliuhisi msukumo huo. Aliyebaki nyumbani hakuhisi lolote.

Mwaka 1915 Einstein alikamilisha nadharia ya jumla ya uhusianifu, iliyoeleza kwamba graviti nayo hupunguza mwendo wa saa. Kwa hiyo miongo kadhaa kabla ya watengenezaji wa filamu kuanza kuzitumia, njia mbili za kweli za kuchelewa kuzeeka zilikuwa tayari zimeandikwa.

Saa iliyokatiwa tiketi

Ushahidi ulikuja polepole. Miale inayotoka angani inapogonga hewa ya juu huzaa chembe ziitwazo muoni, ambazo kwa wastani hudumu sehemu mbili tu za milioni moja za sekunde. Kwa umri huo, hata zikienda karibu sawa na mwanga, nyingi zingetoweka kabla ya kusafiri kilomita moja. Lakini hufika ardhini kwa wingi, kwa sababu saa yao inachelewa. Mwaka 1941 wanafizikia Bruno Rossi na David Hall walichapisha vipimo vya jambo hilo walivyovifanya katika milima ya Colorado, Marekani.

Jaribio lililovuma zaidi lilifanyika Oktoba 1971. Mwanafizikia Joseph Hafele na mwanaastronomia Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa nne za atomu. Saa hizo zilikatiwa tiketi na kupewa viti vyake, zikiandikishwa kwa jina la Bwana Saa. Zilizungushwa dunia nzima kuelekea mashariki, kisha kuelekea magharibi. Ziliporudi zililinganishwa na zile zilizobaki Washington. Safari ya mashariki ilizichelewesha kwa nanosekunde 59, yaani sehemu 59 za bilioni moja za sekunde. Ile ya magharibi iliziwahisha kwa nanosekunde 273. Tofauti ilitokana na dunia yenyewe: ndege inayoelekea mashariki huongezewa mwendo na mzunguko wa dunia, na inayoelekea magharibi hupunguziwa.

Leo mfumo wa GPS unaoongoza simu za mkononi hutegemea hesabu hiyo. Setilaiti zake, zilizo umbali wa kilomita 20,200 juu ya ardhi, huwahi kwa sehemu 45 za milioni moja za sekunde kila siku kwa sababu ya graviti iliyo dhaifu huko juu, na huchelewa kwa sehemu saba za milioni moja kwa sababu ya mwendo wake. Jumla ni kuwahi kwa sehemu 38 za milioni moja. Bila kusahihishwa, makosa ya mahali yangeongezeka kwa kilomita kumi hivi kila siku.

Kutoka mwendo hadi usingizi

Miongoni mwa filamu za mwanzo kutumia njia ya mwendo ni *World Without End* ya mwaka 1956, ambamo wanaanga wanne waliotoka kuizunguka Mars wanajikuta wamerudi kwenye dunia ya mwaka 2508. Mwaka 1963 ilitoka *Ikarie XB-1* ya Chekoslovakia, iliyoongozwa na Jindřich Polák. Katika filamu hiyo, safari ya miezi 28 kwa wasafiri ni miaka 15 kwa wanaowangoja nyumbani, na wanaondoka wakilijua hilo.

*Planet of the Apes* ya mwaka 1968 ndiyo iliyolifikisha wazo hilo kwa umma mpana. Nahodha Taylor, aliyeigizwa na Charlton Heston, anasema mwanzoni kwamba wamesafiri miezi sita tu na huku dunia imezeeka kwa karibu miaka 700. Kisha analala. Anapoamka, saa ya chombo inaonyesha mwaka 3978. Filamu hiyo inachanganya mwendo na usingizi, na inakumbusha kwamba usingizi hauzuii muda: mwenzao mmoja, ambaye chumba chake cha kulala kilivuja hewa, anakutwa amekuwa maiti iliyokauka.

Mwaka huohuo *2001: A Space Odyssey* ya Stanley Kubrick ilionyesha wanasayansi watatu waliolazwa kwa baridi, ambao kompyuta ya chombo inawaua kwa kukata mitambo inayowahifadhi. Katika *Aliens* ya mwaka 1986, mhusika mkuu Ripley anaamshwa baada ya kulala miaka 57. Hapa uhusianifu wa Einstein haumo kabisa. Saa ya chombo imehesabu miaka yote hiyo kama ya duniani, na kilichosimama ni mwili peke yake.

Mwaka huohuo wa 1986 *Flight of the Navigator* ilitaja kasi ya mwanga waziwazi, lakini hesabu ikaenda upande. Mtoto wa miaka 12 anatoweka mwaka 1978 na kurudi mwaka 1986 bila kukua, huku mdogo wake akiwa amempita umri. Hilo peke yake linawezekana. Lakini filamu inasema alipelekwa kwenye sayari iliyo umbali wa miaka ya mwanga 560. Kwenda na kurudi kwa kasi ya mwanga kungechukua miaka 1,120 duniani, si minane.

Shimo jeusi na Malindi

Njia ya graviti ilichelewa kuingia kwenye sinema kwa sababu ilihitaji mashimo meusi, ambayo wanasayansi wenyewe walikuwa wakiyatilia shaka. Pwani ya Kenya ina sehemu katika kuondoa shaka hiyo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, na kwa heshima ya siku hiyo ikaitwa *Uhuru*. Ilipima mabadiliko ya haraka ya eksirei zinazotoka kwenye kitu cha angani kiitwacho Cygnus X-1, na vipimo hivyo vikasaidia kukifanya kitu hicho kuwa cha kwanza kutajwa kwa uzito kama shimo jeusi. Mwaka 1974 wanafizikia Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau juu yake. Hawking, aliyebisha, alikubali kushindwa mwaka 1990.

Thorne huyohuyo ndiye aliyekuwa mshauri wa sayansi wa *Interstellar*, filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2014. Nolan alitaka sayari ambayo saa moja juu yake ni miaka saba duniani, yaani muda uliopunguzwa zaidi ya mara 61,000. Mwanzoni Thorne alidhani haiwezekani. Alipofanya hesabu aligundua kwamba inawezekana, mradi shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni 100 liwe linajizungusha karibu kabisa na kikomo cha mwendo wake.

Matokeo yake yanaonekana katika tukio moja. Wanaanga Cooper na Brand wanashuka kwenye sayari ya maji, wanapigwa na wimbi, na wanachelewa kuondoka. Wanaporudi chomboni wanamkuta mwenzao Romilly ana mvi ndevuni, na anawaambia imepita miaka 23, miezi minne na siku nane. Cooper anafungua ujumbe wa video kutoka nyumbani. Mwanawe wa kiume anakua, anaoa na kuzika wapendwa wake mbele ya macho ya baba. Kisha anatokea binti yake, ambaye sasa ana umri uleule aliokuwa nao baba siku anaondoka.

*Lightyear* ya mwaka 2022 ilirudi kwenye mwendo. Kila mara rubani Buzz anaporuka kwa majaribio ya dakika nne, miaka minne hupita chini, na rafiki yake Alisha anafunga ndoa, anapata mtoto, kisha mjukuu, na kufa. Wazo ni sahihi, lakini mbinu haiwezekani. Kwa msukumo ambao mwili wa binadamu umeuzoea, huchukua takriban mwaka mzima kufikia robo tatu ya kasi ya mwanga. Kulifanya jambo hilo kwa dakika kungemponda rubani.

Mapacha wa kweli

Fumbo la Langevin limejaribiwa kwa watu halisi, ingawa kwa kipimo kidogo. Kuanzia Machi 2015 mwanaanga Scott Kelly alikaa siku 340 katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachokwenda takriban kilomita 28,000 kwa saa, huku pacha wake Mark akibaki ardhini. Scott, aliyezaliwa dakika sita baada ya Mark, alirudi akiwa mdogo zaidi kwa chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde.

Mwili wake ulisimulia jambo lingine. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba telomea, ncha za kromosomu ambazo hufupika mtu anavyozeeka, zilirefuka akiwa angani, kisha zikafupika haraka aliporudi, na baadhi zikawa fupi kuliko mwanzo. Bila mazoezi ya kila siku, mifupa ya nyonga ya mwanaanga hupoteza kati ya asilimia 1 na 1.5 ya uzito wake kila mwezi, na misuli nayo hulegea.

Hivyo filamu zimepatia kanuni na kukosea kiasi. Chombo chenye kasi kubwa kuliko vyote vilivyoundwa na binadamu, Parker Solar Probe, kimefikia kilomita 692,000 kwa saa, ambayo haifiki hata asilimia 0.1 ya kasi ya mwanga. Kudumisha mwendo huo kwa mwaka mzima kungechelewesha saa yake kwa sekunde sita na nusu tu. Hadi sasa hakuna mwanaanga aliyechelewa kuzeeka hata kwa sekunde moja nzima, na waliokaa angani muda mrefu wamerudi na mifupa iliyodhoofika.