Semina Haizai Kikundi: Hoja ya Kuwarudia Waliofundishwa

Siku ya tatu ya semina ya usimamizi wa fedha kwa asasi za kijamii, katika ukumbi wa hoteli kwenye mji mmoja wa mkoani, mama mmoja mhazini wa kikundi cha kanisa alitoa kaunta buku lake kwenye mfuko wa rambo, akaliweka mezani pembeni ya fomu tulizogawa. Fomu yetu ilikuwa na safu kumi na mbili. Daftari lake lilikuwa na tatu: jina, alichotoa, anachodaiwa. Akamuuliza mwezeshaji, "Mwalimu, hizi nyingine nijaze nini?" Akaambiwa jambo hilo litafafanuliwa mchana. Mchana ukaenda kwenye kusaini posho, kupokea vyeti na kupiga picha ya pamoja. Nilikuwa miongoni mwa watoa mada. Katika sisi sote, hakuna aliyepangiwa kwenda kuzitazama zile safu tisa mwezi uliofuata.

Kwa muda mrefu nilidhani kasoro ilikuwa kwenye mada. Sasa naona ilikuwa kwenye bajeti. Ukumbi ulikuwa na fungu lake, chai ya saa nne ilikuwa na fungu lake, hata kalamu zenye nembo zilikuwa na fungu lake. Safari ya kurudi kwa yule mama haikuwa nalo. Ripoti za miradi huhesabu waliofundishwa, wanawake wangapi, vijana wangapi, lakini ni nadra kuona safu inayosema walirudiwa mara ngapi. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba safu hiyo ndiyo ingepaswa kutangulia, na kwamba fedha inayopelekwa kwa vikundi vya dini na vya mitaa hudumu pale tu inapokuta kikundi kimekwisha kuzoea kujihesabia chenyewe.

Mfano ninaouona kuwa na uzito zaidi umetoka kwenye pwani yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimweleza Aga Khan wasiwasi wao kwamba watoto wao walikuwa wakiachwa nyuma katika shule za msingi. Jibu lililopatikana lilikuwa kuanzia pale watoto walipokuwa tayari, yaani madrasani. Mwaka 1986, chini ya uongozi wa mwalimu Bi. Swafiya Said, chekechea ya kwanza ya aina hiyo ikaanza Mombasa. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Baadaye chekechea hizo zilipita 200 katika nchi hizo tatu.

Watu huvutiwa na takwimu hiyo, nami huvutiwa zaidi na utaratibu uliokuwa nyuma yake. Jamii ndiyo iliyoomba, ikachagua kamati, ikatafuta chumba, ikateua wanawake wa hapohapo wakafunzwe ualimu. Kisha mkufunzi akawa anakuja. Kwa takriban miaka miwili alifika mara kwa mara, akakaa nyuma ya darasa akimtazama mwalimu mpya akiwapa watoto vifuu, makombe ya pwani na vipande vya ukindu wavihesabu na kuvipanga, na watoto wakitoka wakazungumza wawili: wapi aliharakisha, mtoto yupi hajafungua mdomo wiki nzima. Baada ya hapo alikaa na kamati kuangalia ada na mahudhurio. Shule iliyofikia viwango "ilihitimu". Sijakutana na neno zuri kuliko hilo katika shughuli hizi, maana linakiri kwamba kikundi nacho ni mwanafunzi, na mwanafunzi hahitimu kwa siku tatu.

Mwaka 2008, Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha tathmini iliyolinganisha watoto wa chekechea hizo, watoto wa chekechea nyingine na waliobaki nyumbani. Waliosoma popote walipiga hatua kuliko waliobaki nyumbani, na wa madrasa wakawatangulia wenzao. Utafiti haukupima ziara za wakufunzi peke yake, kwa hiyo siwezi kuupachika ushindi wote kwenye hoja yangu. Lakini ukiziondoa ziara hizo katika mpango ule, kinachosalia kinafanana mno na semina yetu ya hotelini.

Upande wa fedha nao ulikuwa na busara yake. Jamii ilichanga mfuko wa kudumu wa shule, mpango ukaongeza juu yake, fedha ikawekezwa na faida ikarudi shuleni. Kwa watu ambao babu zao waliweka shamba la minazi au chumba cha duka kuwa wakfu wa msikiti, hilo halikuhitaji mtaalamu wa kulieleza. Tusilipambe, hata hivyo. Faida ilikuwa ndogo, mishahara ya walimu ikabaki midogo, na wapo waliofunzwa vizuri kisha wakaondoka kutafuta penye maslahi zaidi. Mfuko haukuondoa umaskini wa mtaa. Uliifanya kamati iwe na jambo la kulitolea hesabu mbele ya wazazi.

Zanzibar hiyohiyo, kandokando ya msitu wa Jozani, shirika la CARE lilisaidia vikundi vya kuweka na kukopa vilivyotumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, na fedha kuhesabiwa mbele ya wote. Mtaji ulikuwa wa wanachama wenyewe. Kilichotoka nje ni mafunzo, sanduku na ufuatiliaji. Tathmini iliyofanywa mwaka 2006, miaka kadhaa baada ya mradi kufungwa, ilikuta vikundi vimeongezeka, kwa sababu wanachama wazoefu walikwisha kuanza kuwafundisha majirani.

Linganisha na kile kinachojulikana mitaani Tanzania Bara kama "mikopo ya asilimia kumi". Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia ni njema na fedha ni yetu wenyewe, jambo ambalo si dogo. Lakini watu waliona mkopo kabla ya kukiona kikundi. Majina yakakusanywa, katiba ikanakiliwa kutoka kwa kikundi jirani, muhuri ukachongwa. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zikaeleza marejesho yaliyokwama na vikundi visivyoonekana, na mwezi Aprili 2023 Serikali ikasimamisha utoaji, hadi mwaka uliofuata. Mjadala mwingi tangu hapo umekuwa juu ya njia ya kupitishia fedha, benki au halmashauri. Afisa maendeleo ya jamii wa kata, ambaye ndiye angevirudia vikundi hivyo, hatajwi sana katika mjadala huo, wala mafuta ya pikipiki yake.

Nitaambiwa kurudi ni ghali. Ni kweli, ukigawanya gharama kwa idadi ya washiriki. Igawanye kwa idadi ya vikundi vinavyokutana mwaka wa tatu, uone kama semina bado ni rahisi. Pingamizi zito zaidi ni kwamba mlezi anayekuja kila mara huweza kugeuka bwana wa kikundi. Hapo ndipo vikundi vya dini vina akiba ambayo wafadhili hawaijui. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika mkutano wao wa mwaka 1976, hukutana nyumba kwa nyumba. Michango hutajwa kwa sauti, na aliyekula fedha ya rambirambi hujulikana kabla ya Jumapili. Mlezi mwenye akili huanzia kwenye uwajibikaji huo uliopo. Asiye nayo huleta fomu yenye safu kumi na mbili.

Wala fedha ya nje si ya kutegemea: Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wahudumu wa ngazi ya jamii waliolipwa na miradi walijikuta bila posho kwa usiku mmoja. Kabla ya hapo, tangu mwaka 2016, wafadhili wakubwa wa misaada ya kibinadamu walikuwa wameahidi kufikisha robo ya fedha zao kwa taasisi za wenyeji kufikia 2020, ahadi ambayo haikutimia. Sioni sababu ya kusubiri ahadi nyingine.

Mwaka mmoja baada ya ile semina niliombwa kuandaa bajeti ya mafunzo kama yale. Nikafuta ukumbi, nikafuta vyeti, nikaweka vikundi 15 na nauli ya bodaboda ya mkufunzi mmoja kila mwezi kwa miaka miwili. Andiko lilirudi likiwa na alama moja nyekundu pembeni: mbona washiriki ni walewale kila mwezi?