‘Mshono wa Kihindi’? Wa wapi?

MWANAFUNZI wangu mmoja wa Kisumu, Mkenya wa kizazi cha nne mwenye asili ya Punjab, alinijia na mtandio wa nyanya yake. Nyumbani walitaka kuukata wafanye foronya za makochi. “Prof, kazi hii Kiswahili chake ni nini?” Nikajibu haraka: “Mshono wa Kihindi.” Akanitazama. “Wa Kihindi cha wapi sasa?”

Kusema kweli, nilikwama.

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ziwani Disemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, Kisumu ya leo. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao wakitoka Punjab. Wengi walirejea kwao, baadhi wakabaki. Wafanyabiashara Wagujarati nao wakafungua maduka mjini. Watu hawa hawakuwa na sindano moja.

Punjab kuna phulkari: phul ni ua, kari ni kazi. Mwanamke huishona nguo nzito ya pamba kwa uzi wa hariri, akifanyia kazi upande wa nyuma na kuhesabu nyuzi, hata ua lichanue upande asioutazama. Ilikuwa nguo ya harusi, iliyoshonwa na akina mama na nyanya kwa ajili ya binti. Kutch, kule Gujarat, vioo vidogo hushikizwa kwa uzi hadi nguo ikametameta. Lucknow ni uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, chikan. Bengal, sari kuukuu hupangwa tabaka na kushonwa pamoja, zikawa kantha.

Kiswahili si maskini hapa. Tuna darizi, nakshi, almaria na zari. Zari, uzi wa dhahabu, chimbuko lake ni zar ya Kiajemi, yaani dhahabu. Ndiyo hiyo imo katika zardozi, darizi ya dhahabu ya Bara Hindi.

Kasoro ni yetu tunaosema “Kihindi” tukafunga mjadala. Mwambie Msuba wa Mfangano kwamba lugha yake ni Kiluo tu, uone atakavyokujibu!

Pendekezo langu: tuseme fulkari, ngeli ya I-ZI. Fulkari hii, fulkari hizi. Nilimwambia kijana: “Nyanya yako alidarizi fulkari.” Akaliandika neno hilo kwenye karatasi, akaikunja pamoja na mtandio.

Foronya watanunua sokoni.